Pampu ya Moyo: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Safari ya Matibabu

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha hutibiwa kwanza kwa dawa. Pale dawa zinapofikia kikomo, daktari anaweza kupendekeza upandikizaji wa moyo wa mtu aliyefariki, au pampu ya kuusaidia moyo wa mgonjwa mwenyewe.

Upandikizaji wa kwanza ulifanywa na Dkt. Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967. Mgonjwa wake, Louis Washkansky, aliishi siku 18, kisha akafariki kwa nimonia, kinga ya mwili wake ikiwa imedhoofishwa na dawa za kuuzuia mwili kuukataa moyo mgeni. Dawa za sasa ni bora zaidi, ila hutumiwa maisha yote. Mioyo ya kupandikiza nayo ni michache. Kwa sababu hiyo wapo wanaowekewa pampu wakisubiri moyo, na wapo wanaoishi nayo daima.

Pampu hufungwa kwenye chumba cha chini cha kushoto cha moyo na kupeleka damu kwenye mshipa mkuu. Waya hupenya ngozi ya tumbo hadi kwenye kidhibiti na betri zinazovaliwa nje ya mwili. Kidonda cha waya huo huhitaji usafi wa kila siku, na kuogelea hakuruhusiwi. Mapigo ya damu huenda yasisikike mkononi, jambo linaloweza kumtia hofu mhudumu wa afya asiyelifahamu.

Katika mazungumzo ya gharama, umeme husahaulika mara nyingi. Betri huchajiwa kila siku bila kukosa, na pampu ikizimika maisha yamo hatarini. Familia inayoishi penye umeme wa kukatikakatika iulize mapema: tutachaji wapi usiku ukikatika? Betri za akiba ni ngapi? Aidha, mgonjwa hutumia warfarini ili damu isigande ndani ya pampu. Je, hospitali iliyo karibu na nyumbani hupima INR? Nani atakihudumia kifaa baada ya kurejea nchini? Hospitali isiyoweza kujibu maswali haya kwa maandishi isilipwe kwanza.

Hifadhini pia kadi yenye jina la pampu, modeli na namba yake ya utambulisho. Juni 2021 kampuni ya Medtronic ilisitisha uuzaji wa pampu ya HVAD, baada ya kubainika kwamba ilihusishwa na viharusi na vifo vingi kuliko pampu nyingine, na kwamba baadhi zilichelewa au zilishindwa kuwaka upya zilipozimwa. Waliokuwa nayo tayari hawakushauriwa kuitoa kwa tahadhari tu, kwani upasuaji huo una hatari zake. Walihitaji kufikiwa na kufuatiliwa kwa karibu. Mgonjwa asiyejua jina la pampu iliyo kifuani mwake ni vigumu kumfikia.