Pilipili Manga ya Maramba Mbele ya Mkemia

Katika vijiji vya milimani juu ya Maramba, wilayani Mkinga, ambako miteremko ya Usambara Mashariki hustawisha pilipili manga, iliki na mdalasini, biashara ya viungo bado huendeshwa kwa mizani: mchuuzi hupima gunia, hutaja bei ya kilo, na mkulima hulipwa bila mtu kuuliza mna nini ndani ya punje. Mnunuzi wa mwisho, awe mwenye kiwanda cha vyakula au cha dawa, hulipia kile ambacho mizani haikioni.

Kitu chenyewe ni piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake, ambayo aghalabu huwa asilimia 5 hadi 9 ya uzito wa punje kavu. Aliyeitenga kwanza, mwaka 1819, ni Hans Christian Ørsted wa Denmark, yuleyule ambaye mwaka uliofuata aligundua kwamba umeme hugeuza sindano ya dira. Piperini huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja dawa, hivyo dawa nyingi zaidi hubaki katika damu. India imeitumia sifa hiyo katika kidonge cha kifua kikuu chenye miligramu 200 za rifampisini, badala ya 450 za kawaida, pamoja na miligramu 10 za piperini. Sifa hiyohiyo yaweza kumdhuru mgonjwa anayechanganya dawa zake na vidonge vya piperini vinavyonadiwa kuwa huongeza kinga, dai ambalo ushahidi wake mwingi bado ni wa maabara na wanyama.

Bei, hata hivyo, huamuliwa uani. Punje hupukuchuliwa, huchovywa kidogo katika maji yanayochemka ili ngozi iwe nyeusi sawasawa, kisha huanikwa hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 12 au 13. Mwenye uzoefu huzitikisa kiganjani akasikiliza, maana zilizokauka hulia kama changarawe. Zikifungwa zingali na unyevu kwa kuwa mvua imewahi, ukungu huota na kuzalisha sumukuvu, sumu inayoharibu ini na kudhoofisha kinga. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 5 za sumukuvu ya aina ya B1 katika kilo, yaani miligramu 5 katika tani nzima. Shehena ikikataliwa, aliyeanika juu ya turubai na aliyeanika juu ya udongo hubeba hasara moja, kwa sababu magunia yao yalikwisha kuchanganywa ghalani.

Lipo pia suala la punje changa, zinazochumwa mapema kwa hofu ya wezi au kwa shida ya fedha. Kwa kuwa ni nyepesi, soko la punje nzima huzishusha daraja. Wakamuaji wa oleoresini, utomvu mzito wenye harufu na ukali wa kiungo, huzipendelea kwa wingi wa piperini na mafuta yake. Bila karatasi ya maabara mkulima hawezi kuidai tofauti hiyo.

Kemia si ngeni milimani humo: Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilikuza miti ya sinkona, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia magome yake yalitumika kutengenezea kwinini ya askari. Leo gharama ya kipimo humlemea mwenye magunia mawili, bali ushirika unaokusanya tani kadhaa, ukiandika kila gunia limetoka kwa nani, waweza kuigawana na kumkabili mnunuzi ukiwa na cheti cha unyevu, piperini na sumukuvu.