Moteri ya umeme kwa mtumbwi: uhesabu mbele, ununue kisha



Tuseme baba wa jamaa moja ametoka Kailo ao Kalima, kwenye kasiterite. Safari hii Mungu amemsaidia, amerudi Kindu na feza kidogo mfukoni. Anamwambia bibi yake: «Mama watoto, nimechoka na mashimo. Kazi ya baba yangu ilikuwa mto. Ninataka kuvua samaki, na mtumbwi nitautia moteri.» Bibi anauliza: «Moteri gani? Na esanse itatoka wapi?» Hapo kijana wa nyumba anatoa simu yake na kuonyesha picha: moteri ndogo isiyokunywa esanse, inayotumia bateri na jua. Wote wanafurahi.

Ni vizuri kufurahi. Lakini feza hizo ni za jasho, na ndani yake kuna masomo ya watoto. Basi tuzungumze pole pole, weye na siye, mbele ya kununua.

Hiyo moteri ni kitu gani?

Esanse inafika Kindu toka mbali, na bei yake inapanda njiani. Moteri ya esanse ya farasi 15, ukiiendesha kwa nguvu yote, inakunywa karibu litre 6 kwa saa moja. Mvuvi anaweza kurudi na samaki na kukuta faida yote imekwisha kuchomeka.

Moteri ya umeme iko namna ingine. Ni fimbo ndefu: juu kuna mkono wa kuongozea, chini, ndani ya maji, kuna moteri yenyewe pamoja na elisi, ndiyo ile panga inayozunguka. Haina moshi, haina kelele ya kufukuza samaki. Aliyeianzisha ni O. G. Schmidt wa mji wa Fargo, Marekani. Mwaka 1934 alichukua moteri ndogo ya kuwashia gari ya Ford, akaifungia elisi, juu ya kusogeza mtumbwi pole pole wakati wa kuvua.

Shika neno hilo: pole pole. Moteri hii ilizaliwa kwa maji ya kutulia, ya ziwa. Lualaba si ziwa.

Kwanza, pima mto wako

Nenda pahali unapovua. Pima hatua kubwa 20 kando ya maji, ni kama metre 20. Tupa kipande cha mti ndani ya maji, mwenzako ahesabu sekunde mpaka kipite mwisho wa hatua zako. Kikitumia sekunde 20, mto unakwenda metre moja kwa sekunde, maana yake kilometre 3 na nusu kwa saa.

Sasa sikia: moteri hizi ndogo, kwa nguvu yote, zinasukuma mtumbwi karibu kilometre 5 kwa saa, pengine 6. Ukipanda mto huo, utabaki na kilometre moja na nusu ao mbili tu. Mtu wa kutembea kando atakuacha. Na kama kipande cha mti kimetumia sekunde 12 ao chini, hapo moteri itazunguka na weye utabaki pahali pamoja, ama utarudi nyuma. Upime tena wakati wa mvua, juu mto ukijaa si mto ule ule.

Kwa hiyo tuseme wazi: kuvusha watu kati ya Alunguli na Kasuku, ao kubeba mizigo kwenda Ubundu, si kazi ya moteri hii. Ni kwa mvuvi wa vijito, wa maji ya kutulia nyuma ya visiwa, wa kutega na kutegua nyavu karibu na kwake. Mwenye bwawa kubwa la samaki naye anaweza kuitumia.

Nguvu gani inaomba?

Moteri hizi hazihesabiwi kwa farasi. Kwenye karto wanaandika nguvu ya kusukuma kwa «livre», na livre moja ni karibu nusu kilo. Sheria ya kawaida ni hii: kwa kila kilo 100 za uzito, nguvu ya kilo 2.

Tuhesabu. Mtumbwi kilo 250, watu wawili kilo 130, nyavu na samaki kilo 90, bateri kilo 30. Jumla kilo 500. Inaomba nguvu ya kilo 10, ni kama livre 22. Lakini hiyo ni ya maji yasiyotembea. Kwetu, chukua mara mbili: livre 45 mpaka 55. Zinazopita 55 nyingi zinaomba bateri mbili pamoja, na gharama inakuwa ingine.

Bateri ndiyo esanse yako

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wananunua moteri, kisha wanaifungia bateri ya gari. Bateri ya gari imetengenezwa kwa kutoa nguvu nyingi mara moja, kuwasha, basi. Ukiimaliza kila siku, itakufa mbio. Uliza bateri ya kazi ndefu, ile watu wanayoiita ya solari.

Moteri ya livre 55 kwa mwendo wa mwisho inakula karibu ampere 50. Bateri ya ampere-saa 100, ya risasi, usiimalize. Tumia nusu yake tu. Nusu ni 50. Basi una saa moja, hakuna zaidi! Lakini ukienda mwendo wa nusu, bateri ile ile inaweza kukufikisha saa tatu ao nne. Mvuvi mwenye akili anatumia kasia akishuka mto na anachunga bateri kwa kurudi.

Kurudisha hiyo nusu kwa siku moja ya jua nzuri inaomba pano za watt 200 pamoja na regilateri yake. Siku ya mawingu haitatosha. Kuna pia bateri za litiumu: ni nyepesi zaidi, na unaweza kutumia karibu yote, lakini bei yake ni kali na zinaomba chaja yake.

Kwa hiyo usiulize paka bei ya moteri. Uliza bei ya moteri, bateri, pano, regilateri na nyuzi nene, vyote pamoja. Kisha uandike kando: esanse ya mwezi mmoja inakutoka ngapi?

Kufunga na kutunza

1. Mtumbwi wetu wa mti hauna nyuma bapa. Funga ubao mgumu wa kukatiza karibu na nyuma, kwa bulo, na moteri iukamate ubao huo. Tena ifunge kwa kamba: ikichomoka, usiipoteze.

2. Bateri ikae chini, katikati, ndani ya sanduku, ikiwa imefungwa. Karibu nayo tia fizibo, ile inayokatika umeme ukizidi, ya kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya moteri. Nyuzi ziwe nene. Zikipata moto mkononi, ni nyembamba mno.

3. Kila juma fungua elisi. Uzi wa nailoni wa nyavu unajizungusha nyuma yake, unakata mpira wa kuzuia maji, maji yanaingia, moteri inaungua. Hicho ni kiuaji nambari moja.

4. Usizungushe moteri nje ya maji. Ikigonga jiwe ao mti, izime mara moja, kisha uangalie.

5. Vichwa vya bateri visafishe, uvipake grisi kidogo. Kama bateri ni ya kuongeza maji, tia maji ya bateri, si ya mto.

6. Pima bateri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.7 imejaa. Volti 12.2 ni nusu: rudi kwenye jua. Usiiache tupu hata usiku mmoja.

7. Usichaji ndani ya chumba cha kulala ao karibu na moto. Bateri inatoa gazi inayoweza kulipuka.

Na kasia? Kasia haibaki nyumbani hata siku moja, wala gile ya kuelea.

Bateri ikikufa

Mama, neno hili ni lako pia. Wavuvi wengine wanapasua bateri ya zamani, wanayeyusha risasi juu ya moto, wanatengeneza vizito vya nyavu. Tafazali, si nyumbani! Moshi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kule Thiaroye-sur-Mer, Senegal, watu walichambua udongo wenye risasi ya bateri katikati ya nyumba zao. Kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, watoto 18 walikufa. Siye watu wa migodi tunajua: kitu kinachotoka ardhini kinaleta mkate, kinaweza pia kuleta msiba. Bateri iliyokufa iuze nzima kwa mwenye kuzikusanya, wala usiimwagie asidi mtoni.

Mwisho

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu mwenye kutaka kujenga mnara: anakaa kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa. Ndugu yangu, kaa vilevile na bibi yako. Mwende pamoja mtoni na kipande cha mti, mrudi na kalamu na karatasi. Kama hesabu inasema ndiyo, nunua na utunze. Kama inasema hapana, usione haya. Nyavu mpya na kasia nzuri zinaweza kulisha watoto wako kuliko moteri inayolala pembeni ya nyumba.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.