Ngao ya Domrémy na deni la mfalme

KIJIJI cha Domrémy-la-Pucelle, kando ya mto Meuse mashariki mwa Ufaransa, ni kidogo mno, lakini nembo yake inasimulia kisa kizito. Ni ngao ya rangi ya samawati. Katikati umesimama upanga wa fedha wenye kipini cha dhahabu, ncha yake ikiwa imeshikilia taji. Kila upande wa upanga huo pana ua la yungiyungi la dhahabu.

Asili ya ngao hii ni jamaa ya mkulima wa hapo, Jacques d'Arc. Bintiye, Jeanne, aliyezaliwa yapata 1412, ndiye aliyeongoza majeshi yaliyouokoa mji wa Orléans kutoka kwa Waingereza mnamo Mei 1429. Miezi miwili baadaye, Julai 17, Charles wa Saba alitawazwa mjini Reims. Mwaka huo huo mfalme aliwapa nduguze Jeanne nembo hiyo, na mwezi Desemba akaipandisha jamaa nzima kwenye daraja la makabaila. Tangu hapo ilijulikana kwa jina la du Lys, yaani 'wa Yungiyungi'.

Heshima hiyo haikuwa ndogo. Yungiyungi la dhahabu kwenye samawati lilikuwa alama ya mfalme mwenyewe, na ngao yake ilikuwa na maua matatu. Kuwapa watu wa jembe mawili kati ya hayo kulikuwa kama kuwaketisha karibu na kiti cha enzi. Mpangilio nao una maana yake: upanga uko chini, taji liko juu. Silaha ndiyo iliyousimamisha ufalme.

Jeanne mwenyewe aliomba jambo jingine. Kwa ombi lake, Julai 31, 1429, mfalme aliwasamehe kodi wakazi wa Domrémy na kijiji jirani cha Greux. Kuhusu ngao, aliwaambia mahakimu wake mjini Rouen mnamo Machi 1431 kwamba hakuwahi kuibeba. Mfalme aliwapa nduguze bila yeye kuiomba. Hata hivyo, waendesha mashtaka waliitaja nembo hiyo kama ushahidi wa majivuno yake.

Mei 30, 1431, Jeanne aliteketezwa kwa moto. Mfalme aliyewapa nduguze maua yake hakumkomboa alipotekwa na kuuzwa kwa Waingereza. Hukumu hiyo ilitanguliwa mnamo 1456, na mwaka 1920 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu.

Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta nembo za makabaila mnamo 1790. Siku hizi kila kijiji nchini humo kina uhuru wa kujichagulia nembo yake. Domrémy, ambacho jina lake la pili, la Pucelle, humaanisha 'mwanamwali', kimeshikilia ngao ile ile ambayo binti yake hakuibeba.