Umeme na Nguvu ya Paja

Ndugu msomaji, wewe ukaaye Tukuyu wajua kwamba nchi ya Rungwe haina tambarare nyingi. Kwenda shambani ni kupanda, kurudi ni kushuka, na mara nyingi kapu la chai li mgongoni au mkungu wa ndizi u kichwani. Kazi hiyo yategemea sana msuli mkubwa wa mbele ya paja, wenye sehemu nne, unyoshao goti na kuuzuia mwili usiporomoke mteremkoni.

Mtu aliyevunjika mguu akafungwa plasta hustaajabu siku ya kufunguliwa: mfupa umeunga, lakini paja limekonda na goti lalegea. Msuli usiofanya kazi hupungua katika majuma machache tu.

Hapo ndipo wataalamu wa fiziotherapia pengine hutumia mashine ndogo ya umeme. Vipande vyenye kunata hubandikwa pajani. Umeme mdogo hupita kwa mapigo, mara nyingi 35 hadi 50 kwa sekunde, nao msuli hujikaza. Jambo hili si geni: Mwitaliano Luigi Galvani alieleza mwaka 1791 jinsi miguu ya chura ilivyorukaruka kwa umeme.

Je, huumiza? Ngozi huchomachoma kama kwa sindano ndogo. Vipande vipana hupunguza mchomo, maana umeme hutawanyika. Ngozi iwe safi, isiwe na mafuta; nguvu iongezwe polepole; na msuli upumzishwe kila baada ya kukazwa, maana kwa umeme huchoka upesi. Usione haya kusema, "Yatosha."

Sasa sikia maonyo. Usijaribu kamwe kujitengenezea chombo kwa umeme wa nyumba, waweza kuua. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asitumie mashine hii. Isibandikwe penye kidonda, wala tumboni mwa mja mzito. Mguu ukivimba ghafla na kuuma, uende hospitali kwanza. Huenda damu imeganda.

Ukihitaji msaada, uliza hospitalini Makandana au Igogwe. Pengine watakuelekeza Mbeya. Na wewe usiye na mashine, usikate tamaa. Daktari akikuruhusu, keti, nyosha mguu, kaza paja, hesabu hadi 5, kisha legeza. Rudia mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mashine huamsha msuli uliolala. Lakini mlima wa kwenu utaupanda kwa mazoezi yako ya kila siku.