Je, Wajua? Mji wa Mwata Kazembe uliishi kwa kuhama

Kando ya dimbwi la Mofwe, kusini mwa Ziwa Mweru, palikuwa na mji mkuu uliojulikana kutoka Angola hadi Msumbiji. Ni mji wa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Haukukaa mahali pamoja. Mwata mpya alijenga makao mapya, na jina likahama naye.

Mwaka 1798 Lacerda, mjumbe wa Ureno, alifika kutoka Tete, Msumbiji, akitafuta njia ya kuunganisha bahari mbili. Akafia hapo, Oktoba mwaka uleule.

Njia aliyoitafuta ilipitwa na watumwa wawili. Pedro João Baptista na Amaro José walitoka Angola mwaka 1802. Walipofika kwa Kazembe walizuiliwa takriban miaka minne. Hawakukata tamaa. Mwaka 1811 waliingia Tete, kisha wakarudi Angola kwa miguu! Baptista aliandika shajara ya safari hiyo. Mpelelezi Livingstone alivuka bara zaidi ya miaka 40 baadaye, naye ndiye anayetajwa shuleni. Majina ya hawa wawili yanastahili kusomwa kwa sauti.

Livingstone mwenyewe alifika kwa Kazembe Novemba 1867. Alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ameishi huko miaka mingi.

Leo makao ya Mwata yako Mwansabombwe, Zambia. Kila Julai ngoma za tamasha la Mutomboko hulia, na Mwata hucheza mbele ya watu wake.