Kikaragosi twamkumbuka, aliyemchezesha twamsahau

ILIKUWA Jumamosi alasiri mjini Thika, mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nikiwa mtoto wa shule ya msingi niliyetumwa dukani kununua sukari. Karibu na soko nilikuta watu wamejazana mbele ya pazia jeusi lililofungwa baina ya miti miwili. Juu ya pazia hilo mzee mmoja mwenye pua kubwa na kofia ya sufu alikuwa akizozana na mkewe. Mzee huyo alikuwa na homa isiyokwisha, lakini kila alipotaka kuutaja ugonjwa wake alikohoa tu. Watu wazima, ambao nyumbani wasingethubutu kulitamka neno lenyewe mbele yetu, walikuwa wakicheka hadi machozi.

Wenyewe wale wazee hawakuwa watu. Walikuwa vikaragosi.

Mchezo ulipokwisha, sisi watoto tulikimbia nyuma ya pazia. Hapo tulimkuta kijana mwembamba aliyelowa jasho, akinyoosha mikono yake kama mtu aliyeshinda kutwa akipakua magunia. Alimvua yule mzee mkononi, akamtia ndani ya kiroba, akaomba maji ya kunywa. Sukari niliifikisha nyumbani jioni na kipigo nilikipata, lakini hayo si ya leo. La leo ni kwamba pua ya yule mzee ningali naikumbuka, ilhali jina la yule kijana hakuna aliyelitaja, wala hatukumwuliza.

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Je, anayecheza amejificha nyuma ya kitambaa atunzwe na nani? Hata lugha yetu haimsaidii, kwani tukitaka kumtukana mwanasiasa asiye na msimamo humwita kikaragosi, kana kwamba kuchezesha kikaragosi ni kazi ya mtu asiye na akili!

Walianzaje hapa Kenya?

Michezo kama ule wa Thika haikuzuka tu. Mwaka wa 1987 nchini Afrika Kusini, msanii Gary Friedman alianzisha mradi wa kutumia vikaragosi kuwaelimisha watu kuhusu Ukimwi. Vikaragosi vyake vilikuwa vikubwa kuliko mtu, na vilipakwa rangi ya kijivu. Wakati huo nchi hiyo ingali chini ya ubaguzi wa rangi, na kikaragosi cha kijivu hakuna aliyeweza kusema ni Mwafrika au Mzungu, wala kwamba ugonjwa ni wa watu fulani pekee.

Katikati ya miaka ya tisini ujuzi huo ulifika Nairobi. Dkt. Eric Krystall, aliyekuwa akiongoza mradi wa upangaji uzazi, alimwalika Friedman kuwafunza vijana wa Kenya. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi la Community Health and Awareness Puppeteers, maarufu kama CHAPS, ambalo mmoja wa viongozi wake alikuwa Phylemon Okoth. Kundi hilo lilifunza wengine, nao wakaenda sokoni, shuleni na vijijini.

Msomaji kijana huenda asielewe uzito wa kazi hiyo. Serikali ya Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Kabla ya hapo, na hata baadaye, mwalimu aliyetaja mpira wa kondomu darasani alijitafutia balaa kutoka kwa wazazi na kanisa. Kikaragosi aliweza kusema. Hana mke wa kumwonea haya, hana mhubiri wake, na akikosea mtu humcheka yeye wala hajicheki mwenyewe. Mwaka wa 2002 hata kipindi cha watoto cha runinga huko Afrika Kusini, Takalani Sesame, kilimleta Kami, kikaragosi wa kike anayeishi na virusi vya Ukimwi.

Miongoni mwa Wakenya waliodumu katika sanaa hii yumo Chrispin Mwashagha, na yumo Fedelis Kyalo, ambao wanajulikana kwa kazi yao na kundi la Krystal. Ni majina ambayo mtoto wa shule angepaswa kuyajua kama anavyowajua wanariadha wetu.

Asidhani mtu kwamba sanaa hii yote ni ya kigeni. Wasukuma wa upande wa Mwanza, Tanzania, tangu zamani wamekuwa na sanamu za mbao zenye mikono inayosogea, ambazo wachezaji ngoma huzitumia katika mashindano baina ya vyama vyao ili kuwavuta watazamaji upande wao. Wanaosimulia ngoma hizo humsifu mchezaji. Mchongaji hatajwi.

Mheshimiwa wa mpira

Mwaka wa 2009 vikaragosi viliingia sebuleni mwetu. Mchoraji vibonzo Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha The XYZ Show katika runinga ya Citizen. Aliiga vipindi viwili vilivyovuma Ulaya: Spitting Image cha Uingereza, kilichoanza 1984, na Les Guignols cha Ufaransa cha mwaka wa 1988. Kibaki, Raila na wakubwa wengine wakajikuta wana mapacha wa mpira wanaowakejeli.

Kazi iliyofanyika si ndogo. Kwanza fundi hufinyanga uso kwa udongo, akikuza lile shavu au lile sikio ambalo nchi nzima inalijua. Kisha huchukua umbo lake kwa plasta, ndani yake humiminwa mpira laini, nao huokwa hadi ushike. Halafu hupakwa rangi, hutiwa macho na nywele, na kushonewa suti. Wakati wa kupiga picha kikaragosi mmoja aghalabu huhitaji watu wawili waliobanana chini ya meza, na sauti huwa ya mtu wa tatu. Huyo ni mheshimiwa mmoja tu! Gado twamjua, na anastahili. Lakini muulize jirani yako akutajie mmoja wa wale waliokuwa chini ya meza.

Nje ya nchi mambo si tofauti sana. Mmarekani Caroll Spinney alimchezesha ndege Big Bird wa Sesame Street tangu 1969 kwa miongo kadhaa, mkono wa kulia ukiwa juu ya kichwa chake ili kushikilia kichwa cha ndege, na aliweza kupita barabarani bila kutambuliwa na mtoto yeyote. Tofauti waliileta Basil Jones na Adrian Kohler wa Handspring, Cape Town. Farasi wao katika War Horse, mchezo ulioanza London mwaka wa 2007, huchezeshwa na watu watatu ambao hawajifichi. Mtazamaji huwaona, kisha baada ya dakika chache huwasahau na kubaki na farasi. Mwaka wa 2011 Handspring walitunukiwa tuzo maalumu ya Tony huko New York.

Soksi ya Ruiru

Likizo iliyopita nilikuwa kwa dada yangu, Ruiru, na mvua ikatufungia ndani pamoja na watoto. Tulichukua soksi kuukuu, vifungo viwili na vipande vya sponji alivyotupatia fundi wa makochi kando ya barabara. Kwa saa moja tulikuwa na mwanamke mwenye mdomo mpana. Kumpa uhai kulitushinda. Mdomo hufunguka sauti ikiwa imekwisha kupita, macho hutazama dari badala ya mtu, na baada ya dakika kumi bega huwaka moto. Hapo nilimkumbuka yule kijana wa Thika na maji aliyoyaomba.

Mpwa wangu mwenye miaka kumi hakukata tamaa. Alijizoeza mbele ya kioo siku nne. Jumapili nyanya yake alipokuja kututembelea kutoka Thika, tulimtengea mtoto pazia la shuka, akalikataa. Alisema anataka aonekane. Alisimama peupe katikati ya sebule, soksi mkononi, akaanza kumsalimia nyanya yake kwa sauti ya kike.

Nyanya alimtazama mjukuu kwa muda mfupi. Kisha macho yake yakahamia kwenye soksi, akaanza kuijibu, akaiuliza imetoka wapi na kama imekula. Mchezo ulipokwisha aligeuka akatuuliza ni nani aliyeifundisha soksi ile kusema.

Mvulana akataja majina yake yote matatu.