Utafiti wa tiba: Haki ya mwenye damu haimo mkononi mwa chifu

MTAFITI akibisha hodi kuomba tone la damu ya mtoto, mzazi ana haki ya kuuliza maswali kabla ya kutia sahihi au kidole gumba.

Suala hilo si geni katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Baada ya milipuko ya malaria ya miaka ya tisini, wanasayansi walifika huko mara kwa mara. Marani, katika Kaunti ya Kisii, ni miongoni mwa sehemu ambako damu ya wanafunzi ilipimwa kubaini kuenea kwa ugonjwa huo.

Tafiti kama hizo huokoa maisha, lakini historia imejaa maonyo. Kule Tuskegee, Marekani, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende walichunguzwa kuanzia 1932 hadi 1972 bila kuelezwa ukweli wala kupewa penisilini.

Azimio la Helsinki la 1964 linasisitiza kwamba maslahi ya mshiriki hutangulia yale ya sayansi. Nchini Kenya, utafiti wa kimatibabu kwa binadamu sharti upitishwe na kamati ya maadili na kupata leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa kwa sheria ya 2013.

Hata hivyo, mihuri hiyo haichukui nafasi ya idhini ya mhusika. Chifu aweza kuitisha baraza, lakini hawezi kuitoa damu ya mtoto wa mwenzake. Aidha, fomu ya Kiingereza iliyowekwa mbele ya nyanya anayejua Ekegusii pekee, bila kufafanuliwa, haizai idhini.

Mjadala huu ulizuka kwa majirani. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019 kwa mpango wa majaribio. Mwaka wa 2020, jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha lawama kwamba wazazi hawakuombwa idhini mahususi. Shirika la Afya Duniani lilijitetea kuwa mzazi aliyearifiwa, akamleta mtoto kliniki, alikuwa amekubali. Chanjo iliidhinishwa na shirika hilo 2021, lakini ufanisi wake haujibu swali la idhini.

Kwa hivyo, mzazi aulize: Nani anafadhili? Kuna madhara gani? Damu itahifadhiwa wapi? Matokeo yataletwa lini? Na akibadili nia, anaweza kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.